Sauti Chini ya Tuta la Kilosa

Juzi treni ilichelewa Kilosa, nikajitembeza hadi kwenye tuta linalouzuia mto usiingie mjini. Nikamkuta profesa mmoja wa uhandisi na wanafunzi wake watatu wa uzamivu: wa madaraja, wa udongo, na binti wa masuala ya jamii. Siku hizi za soko huria wafadhili hutaka fani zichanganywe. Mto ulikuwa mchanga mtupu.

"Acheni vipimo," profesa alisema. "Kwanza sikilizeni."

Binti akalaza sikio kwenye udongo. Akainuka haraka.

"Mwalimu, kuna watu wanaongea huku chini."

Wenzake wakaangua kicheko. Profesa hakucheka. Alilala kifudifudi na suti yake, akakaa hivyo kitambo.

"Ni maji," alisema. "Yanapita chini ya mchanga na kulila tuta. Binti, wewe unajua kuongea na watu. Kimbia kwenye ile nyumba iliyo karibu na tuta, watoke."

Nilimfuata. Mama wa nyumba aliitikia shikamoo yake, akamsikiliza, kisha akasema kwa upole, "Kumbe nanyi mmewasikia? Wameanza juzi. Sisi tulidhani ni majirani."

Alitoka na wanawe. Alasiri ardhi ilididimia bila kishindo, ikameza jiko na nusu ya ukuta.

Profesa aliwageukia wale wawili waliocheka.

"Ningewasikiliza ninyi," alisema, "sasa hivi tungekuwa tunafukua watu."

Ndani ya shimo yale mazungumzo yalikuwa yakiendelea, sasa kwa sauti kubwa zaidi.