Mara ya Tano Chumba Namba Mbili

Daktari alimtambua kwa kikohozi kabla mlango wa chumba namba mbili haujafunguliwa. Dobi mstaafu, mara ya tano ndani ya miezi miwili. Wagonjwa wengine wasumbufu aliwavumilia, hata akataniana nao. Huyu mama alimpandisha mori kwa kuketi tu, na sababu yake hakuijua.

"Mwanangu, tumbo linaniua."

"Mimi si mwanao, mama. Ni daktari wako." Aliendelea kuandika bila kuinua macho. "Vile vidonge vya maumivu umemaliza?"

"Nimemaliza. Ndiyo kwanza limezidi."

"Ni mawazo tu. Nitakuongezea vingine."

Mama alijifunga mtandio. Aliinuka amejikunja, mkono ukipapasa ukuta. Muuguzi, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alichukua karatasi ya dawa, akaisoma, kisha akauegemea mlango kwa mgongo.

"Daktari, huyu haendi popote. Mara zote tano hujamgusa tumbo."

"Sista, foleni imefika barabarani."

"Na ifike. Mguse."

Daktari damu ilimchemka. Alifungua mdomo amfokee, akamwona yule mama amejikunja ukutani. Alikuwa amemkumbuka mama yake mzazi, aliyeshikwa na maumivu ya moyo kila yeye, mwanawe, alipovaa viatu vya kutoka. Safari ya shule, harusi ya rafiki, mechi ya fainali: kote huko hakwenda. Alibaki kitandani pa mama akimpepea, na jioni mama akaamka buheri wa afya, akaulizia chai. Siku moja daktari alijiapia hatadanganywa tena. Lakini huyu dobi alikuwa amemdanganya nini?

"Lala hapa, mama."

Aliweka vidole. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Mama aliuma mtandio asipige kelele. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimetoboka, na vile vidonge alivyompa mara nne ndivyo vilivyokuwa vikikichimba.

"Ita gari la wagonjwa. Sasa hivi!"

Alimtundikia dripu mwenyewe, akakosa mshipa mara mbili. Gari lilichukua dakika arobaini. Muda wote huo alishika kifundo cha mkono wa yule mama, mapigo yakizidi kukimbia na kufifia.

Mama alipasuliwa hospitalini, akapona. Siku ya sita daktari alikwenda wodini, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama, dawa zangu ndizo zilizokuumiza. Sikukusikiliza. Ulinikumbusha mama yangu."

Dobi alijiinua kwenye mto. "Alikukosea nini hata nilipe mimi?"

Jioni hiyo daktari aliandika yote yaliyotokea, bila kujitetea, akampelekea mganga mfawidhi, mkuu wa kituo cha afya, kwa mkono wake.

Dobi aliporudi kituoni aliomba daktari mwingine, akapewa. Muuguzi ndiye aliyeleta habari, huku akikunja mashuka.

"Anakula vizuri?" daktari akauliza.

"Anakula. Na anakusema sana."

"Anasema nini?"

"Nenda kamsikilize mwenyewe," muuguzi akasema, akamwita mgonjwa anayefuata.