Noela Stanbridge na Geti la Bonvale

Katika maisha yake yote ya ndoa, Noela Stanbridge ndiye aliyekuwa akifungua mageti. Queensland magharibi, huko Australia, barabara hukatiza ndani ya ranchi za watu, na anayeketi karibu na mlango ndiye anayeshuka kwenye vumbi, afungue, asubiri gari lipite, afunge, kisha apande tena. Mumewe Vic alishika usukani, yeye akashika minyororo. Alizaliwa kwenye kambi ya wakata manyoya ya kondoo, ambako mama yake alikuwa mpishi. Yeye naye alipika kambini hadi siku Vic alipotokea mlangoni na kumwambia kwamba mkate wake ni mgumu, ila mtu akipewa muda anaweza kuuzoea. Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa ng'ombe, ukame, mafuriko, na kanisa dogo la mabati ambalo Noela alilifagia kila wiki bila kuombwa na mtu.

Vic alifariki mwezi wa Juni, Mungu ampumzishe, akiwa zizini, mkono wake ungali juu ya shingo ya farasi. Ilipofika Oktoba, waumini wakapanga safari ya kwenda Mullagar kwenye rodeo, yale mashindano ya kupanda farasi wakorofi na fahali. Ujanani Vic alipanda huko, na uzeeni akawa mwamuzi. Mwaka huu kamati ilitoa mkanda wenye bamba la fedha kwa jina lake, na Noela ndiye angemvisha mshindi wa kupanda farasi.

Waliondoka asubuhi kwa basi dogo la kanisa. Gavan, mpwa wa marehemu, ndiye aliyekuwa dereva. Mama yake, Thora, dada yake Vic, alikaa nyuma ya Noela akiwa na kikapu cha mikate ya nyama. Mchungaji Lindon, aliyehamia kutoka pwani mwaka uliotangulia, alikaa katikati, na wazee wengine wa kanisa walijazana viti vya nyuma wakiimba tenzi na kugombania dirisha.

"Wifi, umekimbilia mlangoni tena?" Thora akamchokoza. "Hapo ni pa kazi, si pa heshima."

"Ungekaa wewe na hayo magoti yako, ungeshuka leo ukapanda keshokutwa."

"Angalau magoti yangu yanauma kimya. Wewe ukishuka unalia kama kitanda cha chuma."

Basi zima likacheka, na Noela akacheka pia, lakini mawazo yake yalikuwa mbali. Wakati wanapita Bonvale, ranchi ya Errol Pascoe, alishuka kwenye geti baada ya geti huku akimwona Vic kwenye kila nguzo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye kutu ya minyororo, akapanda tena.

Mbele kabisa, kwenye kivuko cha mto mkavu, walisimama kunywa chai. Noela alikaa kwenye jiwe na kuanza kung'oa mbegu za nyasi zilizomganda kwenye soksi. Zilikuwa nyingi, na zenye miiba. Akang'oa moja, akang'oa ya pili, kisha akaitazama ya tatu mkononi.

Mageti ya barabarani hayaoti nyasi, maana yanafunguliwa na kufungwa kila siku. Yeye nyasi hizi alizipata wapi?

Akakumbuka. Geti la mwisho la Bonvale, karibu na kinu cha upepo cha kuvuta maji, lilikuwa wazi. Lilikuwa limeegemezwa kwenye uzio, nyasi zimepenya katikati ya vyuma vyake. Yeye, kwa mazoea ya miaka yote ile, aliingia kwenye nyasi, akalikokota, akalifunga.

"Gavan," akaita. "Gavan, geuza basi."

"Kuna nini, Anti?"

"Nimefunga geti la kinuni. Nimelikuta wazi, nami nimelifunga."

Thora akaweka kikombe chini. Hata waliokuwa wakibishana juu ya keki wakaanza kukusanya vikombe. Ni Mchungaji peke yake aliyetazama huku na huku.

"Samahani, mama zangu. Kwani kufunga geti si jambo zuri?"

"Ukilikuta limefungwa, Mchungaji, unalifunga," Thora akamwambia. "Ukilikuta wazi, unaliacha wazi. Mwenyewe ana sababu yake. Birika la kunyweshea mifugo liko upande wa kinu, na ng'ombe wa Errol wanalala upande wa pili. Kwa joto hili hawatamaliza siku mbili."

"Basi tumpigie simu."

"Simu haishiki huku," Gavan akasema. "Na hata ingeshika, Errol na vijana wake wote wako Mullagar mpaka kesho jioni. Hakuna aliyebaki nyumbani."

Kurudi na kuja tena kungewala saa nyingi. Mashindano ya farasi yangekwisha, na mkanda wa Vic ungevishwa na mkono mwingine. Kila mtu alilijua hilo, na kwa huruma hakuna aliyetaka kulitamka. Noela akalitamka mwenyewe.

"Mkanda mtu yeyote anaweza kuuvisha. Vic angejua nimeacha ng'ombe wa jirani wafe kwa kiu ili nikapigiwe makofi, nisingeweza kumtazama usoni siku ya ufufuo. Pandeni."

Wakapanda. Noela alishika chuma cha kiti na kuomba kimoyomoyo, maneno yaleyale tu: Bwana, uwashikilie, nakuja.

Waliwasikia kabla ya kuwaona. Ng'ombe walikuwa wamefika kutafuta maji ya mchana, kundi zima limejibana kwenye geti, wanalia, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele. Ndama mmoja alikuwa amekandamizwa kwenye nguzo, ulimi nje. Na geti lilifungukia upande wao. Gavan alilisukuma kwa bega, na mabega ya ng'ombe yakalirudisha.

"Tukate uzio!" akapiga kelele.

"Ukikata watarukiana na kujichana kwenye waya," Noela akasema. Akayatazama yale macho makubwa yenye vumbi, na akili yake ikatulia, kama ilivyotulia kila mara mambo yalipoharibika mbele yake na Vic. "Kipindi cha ukame Errol aliwalisha kwa gari. Alikuwa akipiga honi, wanamfuata. Ingia kwenye basi uende taratibu kando ya uzio, huku unapiga honi."

"Basi la kanisa, Anti?"

"Ng'ombe hawasomi maandishi ubavuni. Nenda!"

Basi likaondoka likiyumba kwenye mashimo, honi ikilia, Thora akipiga sufuria ya chai dirishani, na Mchungaji Lindon kichwa nje akiita, "Njooni! Njooni nyote!" kama yuko madhabahuni. Ng'ombe wa mbele akageuza sikio. Kisha akageuka mwili mzima. Mmoja baada ya mwingine wakajitoa getini, wakafuata honi kando ya waya, wakitumaini chakula.

Noela akabaki peke yake. Akafungua mnyororo, akalisukuma geti mpaka mwisho, akajibana nyuma yake kwenye nyasi. Yule ndama alisimama ametanua miguu, akatikisa kichwa, akapita mbele yake kuelekea birikani. Mama wa ndama alimwona na kulia. Kundi likaacha honi na chakula cha kudhaniwa, likarudi mbio, likamiminika getini kama mto. Geti lilitetemeka mikononi mwa Noela, vumbi likamziba macho, naye akasikia midomo ikizama majini.

Basi liliporudi walimkuta ameketi chini, kofia imepotea, uso mwekundu wa udongo.

"Wifi, umeumia?"

"Wanakunywa," Noela akasema. "Thora, sikiliza. Wanakunywa wote."

Thora akakaa chini kando yake, na magoti yake yale, wakashikana mikono wakalia na kucheka pamoja. Mchungaji alisema sala fupi kuliko zote walizowahi kumsikia akisema.

Walifika Mullagar jua likikaribia kuzama. Mkanda ulikuwa umeshavishwa na mwenyekiti wa kamati. Kabla ya kutafuta kiti, Noela alimtafuta Errol Pascoe, akamkuta nyuma ya mazizi ya fahali akila mkate wa nyama na vitunguu. Akamweleza yote bila kupunguza. Errol alipauka, mkate ukabaki hewani.

"Wanakunywa sasa?"

"Nimewaacha wanakunywa. Geti liko wazi kabisa."

Errol akapumua kwa nguvu. Akamtazama yule mjane aliyejaa udongo toka nywele hadi viatu, aliyekosa saa ya kumuenzi mumewe kwa ajili ya ng'ombe wasio wake. Akaukata mkate wake katikati, akampa nusu.

"Kaa hapa, Mama Noela. Uzioni hapa ndipo fahali wanaonekana vizuri."

Akakaa. Lango dogo likafyatuka, fahali mweusi akatoka akirusha miguu, na mpandaji akaanguka mchangani kabla hajajua kilichompata. Akainuka mzima, akapunga kofia. Noela, mdomo umejaa vitunguu, akapiga makofi hadi mikono ikamwasha.

"Asante, Bwana," akasema. Na njaa ilikuwa inamuuma kweli, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.