Chombo cha Mama Kwenye Rafu ya Kioo

Yule mama wa melini bado yu hai, na kila nikimkumbuka humwombea afya njema. Sitaki afe mapema. Nataka aishi, azeeke, na kila akiitazama ile rafu yake ya kioo aone pengo nililomwachia.

Nikieleza habari za meli ile hapa Isiolo, watu hunitazama kwa huruma, wakidhani jua la baharini lilinivuruga kichwa. Ni meli ambayo matajiri wamenunua nyumba ndani yake, zenye sebule, jiko na roshani, wakahamia humo na mbwa wao. Haina inakokwenda kwa haja. Wenyewe hupiga kura: sasa twende kwenye barafu, tukichoka na barafu tufuate jua. Mjomba wangu, ambaye amesafirisha ng'ombe kwa lori maisha yake yote, aliniuliza, "Sasa hiyo meli inabeba nini?" Nikamwambia inabeba wenyewe. Alicheka mpaka miraa ikamtoka mdomoni.

Mimi nilikuwa mtumishi wa nyumba. Nilitandika, nikapiga pasi, nikapangusa vioo ambavyo tayari vilikuwa safi. Wenye nyumba walikaa juu, kwenye mazulia mazito. Sisi tulilala chini kabisa, chumba hakina dirisha na ukuta unatetemeka kwa injini. Sikatai, kazi ile ilisomesha wadogo zangu.

Siku ya kuondoka nyumbani, mama alinipa chombo chake cha nyirinyiri. Anayetujua sisi, wajukuu wa askari Wasomali walioletwa na mkoloni kisha wakaachwa hapa, anakijua chombo hicho. Ni cha mti, kimefumiwa nje. Ndani hutiwa nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa na kukaangwa kwa samli. Kisha kinavikwa nguo kama bi harusi na kufungwa kwa kamba, fundo juu ya fundo. Siku ya saba ya harusi, wanaume wa upande wa bwana harusi hupewa wakifungue mbele ya watu wote, na mwanamke wa upande wetu husimama karibu na ufito. Ukivuta kamba isiyostahili, unachapwa mkono na kutukanwa kwa mashairi. Ukikata kamba, aibu hiyo itabebwa na ukoo wako mzima. Chombo cha mama kilikuwa cha bibi, na sasa kilikuwa kinamngoja mdogo wangu wa kike aolewe.

"Nyama kula, ni yako," mama aliniambia pale uani. "Lakini chombo irudi. Huyu msichana ataolewa na hii, si na sufuria."

"Itarudi, hooyo."

"Apa."

"Wallahi itarudi."

Melini hatukuruhusiwa kuweka chakula vyumbani. Msimamizi wa usafi alipokiona chombo, alisema kitupwe. Nilikuwa napiga pasi huku machozi yananitoka, na yule mama niliyekuwa namhudumia akaniuliza kulikoni. Alikuwa mjane mwenye sauti ya upole, mtu wa kukushika mkono akizungumza nawe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote, mafundo, ufito, hata matusi. Akasema, "Kilete kwangu. Nitakutunzia." Siku ile nilimpenda, Mungu anisamehe.

Baadaye nilihamishwa kwa muda kwenda kuhudumia ghorofa nyingine. Niliporudi kwake nilikikuta chombo kwenye rafu ya kioo, kimewekewa taa ndogo ya kukimulika. Kamba za mama zilikuwa zimekatwa kwa mkasi na kupangwa pembeni kama pambo. Nyama haikuwepo.

"Ilikuwa inanuka, mpenzi," aliniambia. "Niliitupa. Lakini nimekiosha vizuri sana kwa ajili yako."

Alikiosha kwa dawa ya kuondoa madoa, kisha akakipaka mafuta ya waridi. Nilikinusa, kilinuka kama bafu lake. Nikamwomba nikichukue. Akasema huko chini wangekitupa tu, na hapa kinapendeza. Jioni ile alikuja na wageni, nami nikiwa nimeshika sinia la chai akawaambia kwamba alikinunua jangwani kwa bibi kizee mmoja mkaidi, baada ya kupatana bei mchana kutwa. Bibi kizee mkaidi! Mama yangu, ambaye hakuwahi kukiuza hata mwaka ule ukame ulipotumalizia mifugo.

Nilimchukia. Nilimchukia nikitandika kitanda chake, nikamchukia nikichana manyoya ya mbwa wake. Nilimwambia "karibu" na "asante" na moyoni nikamwambia mengine.

Kisha binti yake akaja melini kuchumbiwa. Yule mama alitaka karamu ambayo majirani zake hawajawahi kuiona, naye akakumbuka hadithi yangu. Pete ingewekwa ndani ya chombo. Mimi ningekifunga kama kwetu, nivae guntiino, lile shuka letu la kufungwa begani, nisimame na ufito. Mchumba na rafiki zake wangekifungua, watu wacheke. Aliniuliza kama ningeweza.

"Naweza sana," nikamwambia.

Nilikifunga kama mama alivyonifundisha nikiwa msichana mdogo, mkia wa kamba ukiwa umefichwa chini ya nguo, mahali ambapo mgeni hatafuti. Niliunga zile kamba zilizokatwa, na kila fundo nililikaza kwa jina la yule mama.

Walijaribu mmoja mmoja. Mchumba alivuta, nikamchapa kidogo. Rafiki zake wakavuta, nikawachapa. Nilikuwa natukana kwa Kisomali, kwa vina kama anavyofanya shangazi yangu harusini, nikitaja vidole vyao vya siagi na baba zao waliowazaa usingizini. Walishangilia. Kisha yule mama mwenyewe akainuka, glasi mkono mmoja, akasema ngoja niwaonyeshe. Akavuta.

Nilimchapa. Sikumchapa kidogo. Ule mkono uliokata kamba za mama yangu niliuchapa mpaka glasi ikamtoka mkono wa pili, na ukumbi mzima ukapiga makofi kwa sababu walidhani ni mchezo. Aliniangalia, nikamwangalia. Alijua. Ilikuwa tamu, sitadanganya.

Akaagiza mkasi.

"Kwetu," nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika nyuma, "anayekata kamba hajaoa, ameiba."

Watu wakacheka tena, lakini binti yake hakucheka. Alimshika mama yake mkono na kumwambia auweke mkasi chini. Yule mama akanigeukia. "Basi kifungue wewe."

"Nitafungua. Lakini chombo kikiwashinda waoaji, hurudi kwa mwanamke aliyekifunga. Kikibaki, ndoa haina baraka."

Hakuna sheria kama hiyo. Niliitunga pale pale, nimesimama. Wageni wakaanza kupiga meza wakisema ni haki, ni haki. Binti akasema, "Mama, mpe." Yule mama akatabasamu kwa meno peke yake, akainamisha kichwa. Niliwapa mgongo, nikavuta ule mkia wa kamba, mafundo yakaachia yote. Pete nikaiweka kwenye sahani. Chombo nikakikumbatia, nikashuka nacho kwa ngazi za wafanyakazi, guntiino ikiburura.

Bandari iliyofuata nilirudishwa nyumbani. Waliniambia nimemgusa mkazi. Nilisema ndiyo, nimemgusa.

Nilifika Isiolo nimebeba chombo mapajani. Mama alikipokea kabla hajanipokea mimi. Alikigeuza, akaona kamba zilizoungwa. Akafungua mfuniko, akaingiza uso.

"Hii imeoshwa na nini?"

Nikamwambia. Kisha akaniambia nilete makaa na vijiti vya kufukizia. Tulikifukiza siku ile, na kesho yake, na wiki baada ya wiki, kama vibuyu vya maziwa, mpaka macho yakatuwasha. Jirani akapita getini, akasalimu, "Salaam aleikum, mnapika nini?" Mama akajibu, "Tunapika mzungu." Ndani ya moshi, harufu ya waridi ilikuwa bado ipo.

Mdogo wangu ameolewa mwaka huu. Mama alikataa chombo cha kuazima kutoka kwa jamaa zetu wa Sericho. Alikata nyama mwenyewe, akakaanga, akajaza, akafunga, na ufito akanipa mimi. Siku ya saba wanaume wa bwana harusi walikifungua vizuri, kwa adabu, nikawachapa wawili tu kwa desturi. Mfuniko ukaondolewa. Mzee wao, babu wa bwana harusi, ndiye aliyepewa aonje kwanza.

Alitia kipande mdomoni. Taya ikasimama. Niliiona ikisimama, na mama aliiona. Yule mzee alimtazama mama, akatafuna pole pole, akameza.

"Tamu, mashallah," akasema. "Tamu kabisa."

Akaomba maji. Wengine nao wakala, nao wakasema tamu, na hakuna aliyerudia kipande cha pili. Mama alitabasamu, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nilikuwa nimesimama kando yake na ufito, na mkono niliotaka kuuchapa haukuwepo.