Fulana Yangu Kwenye Picha

Jumapili nilijitolea kwenye bwawa moja upande wa Kaptagat, kuwahimiza watu wanaokuja kupanda boti za kujifurahisha wavae jaketi za kuelea. Kikundi cha akina mama wa kanisa kutoka Huruma kilinisikiliza kama mahubiri. Mmoja alilalamika kwamba jaketi itakunja kitenge chake kipya.

"Mama, maji haiangalii kitenge," nikamkemea. Akafunga mikanda.

Tulipofika nao kwa boti katikati ya bwawa, mwenzangu wa kujitolea akainua simu atupige picha ya grupu. Jaketi yangu ilifunika maandishi ya fulana yetu ya kampeni, kwa hivyo nikaivua, dakika moja tu, nikaikalia. Kugeuka, mama wa kitenge alikuwa anafungua mikanda. Wenzake pia.

"Mama, unafanya nini?"

"Si mwalimu ametoa?" akanijibu kwa adabu. "Nilidhani ni ya kuingilia kwa boti tu."

Nikawasihi wavae tena, lakini simu ilikuwa imeshapiga. Picha ni safi sana. Akina mama wote hawana jaketi, na mbele yao niko mimi, nimetunisha kifua, fulana inasomeka vizuri: VAA JAKETI, RUDI NYUMBANI.

Kwenye grupu yetu ya WhatsApp ya wanaojitolea wananipigia makofi.