Umesomea Jinsi ya Nini?

Siku aliyorudi nyumbani na shahada ya masomo ya wanawake na jinsia, baba yake mkubwa alimwuliza mbele ya wageni, "Jinsia? Jinsi ya nini, mwanangu? Jinsi ya kupika au jinsi ya kulea?" Sebule nzima ikaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, maana furaha ilikuwa imemjaa. Tangu hapo jina lake likasahaulika. Akawa Bi Jinsi.

Kazi aliyoipata ni kuuza vigae katika duka la vifaa vya ujenzi, naye akapanga chumba karibu na hapo. Aliifanya vizuri, ingawa wateja walimwambia, "Dada, hebu niitie mtu anayejua," wakimtupia macho mpakiaji mizigo. Masomo yake hayakumsaidia kuuza vigae. Yalikuwa yamemfunza kusikia. Alisikia watu wakisema fulani kapigwa na mumewe kwa sauti ileile ya kusema fulani kanyeshewa na mvua. Alisikia, akanuna peke yake.

Ijumaa moja mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, alirudi kwao na begi moja, mkono umefungwa plasta. Mumewe alikuwa amewatangulia kwa simu: kateleza bafuni. Kikao kikaitwa Jumapili alasiri, kuamua kama binti atarudi kwa mumewe au atabaki.

Asubuhi ya kikao, wakichambua mboga jikoni, Bi Jinsi alimwambia mama yake, "Mimi nikisema watanicheka. Wewe ukisema watakusikia."

"Nitasema."

"Kweli, mama?"

"Nimeshakwambia nitasema. Nipe hicho kisu."

Alasiri wanaume walikaa kwenye makochi, wanawake kwenye viti vya plastiki karibu na mlango wa jikoni. Mume alikuja na kreti ya soda, mpole, macho chini. Baba mkubwa akakohoa. "Ndoa ni kupanda na kushuka. Kijana kaomba radhi. Nani ana neno?"

"Mimi," alisema Bi Jinsi. "Asirudi."

"Haya, profesa kasimama!" alidakia baba mkubwa. " Tufundishe jinsi ya kuishi na mume, ingawa wa kwako bado hatujamwona."

Wakacheka. Hata shangazi mmoja aliyekuwa akilia alicheka.

"Wote hapa mnasema kavunjika mkono," alisema Bi Jinsi. "Mkono haujivunji. Semeni nani kauvunja. Mama, sema."

Mama alikuwa akimimina soda. Hakuinua macho. "Mimi nilikaa na baba yenu mpaka Mungu akamchukua," alisema. "Nilivumilia, na nyinyi mkakua."

Hapo Bi Jinsi akakiona kidole. Kilikuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kimepinda na hakikunjiki, kimesimama pembeni mwa glasi kama hakimo mkononi. Tangu utoto waliambiwa mlango ulimbana mama. Miaka yote ya chuo alisoma habari za wanawake wa mbali, na hakuwahi kukifikiria kidole kile.

"Mama, hicho kidole kilibanwa na mlango gani?"

Ukutani picha ya marehemu baba ilikuwa ikitabasamu. Mdogo wake aliinua kichwa, akamtazama mama kama mtu anayengoja kufunguliwa. Neno moja tu, naye angebaki.

"Mlango wa chumbani," alisema mama.

Binti akasimama, akashika begi kwa mkono wake mzima.

"Usiende," alisema Bi Jinsi. "Njoo ukae kwangu."

"Kwako wanapajua, dada. Kikao hikihiki kitahamia huko." Alijaribu kucheka. "Na nibaki na nani? Hata mama ana mlango wake."

Mume akampokea begi kwa adabu. Baba mkubwa akasema tumshukuru Mungu, mambo yameisha. Gari likaondoka.

Wapo wanaosema masomo ya namna ile ni hasara, na siku ile wangeonyesha ushahidi. Lakini msichana alisema kweli mbele ya watu wazima wenye heshima zao, nao wakachagua soda. Hasara hiyo si ya chuo. Ni yetu, na hatuna haya ya kuibeba.

Baadaye mama na mwana walikuwa jikoni wakiosha glasi. Mama alizungumza bila kugeuka.

"Haukuwa mlango."

"Najua, mama."

"Ulijuaje?"

"Tulisomeshwa."

"Mlisomeshwa kidole changu?"

"Ndiyo."

Mama akakiweka chini ya bomba, akakitazama kama cha mtu mwingine. "Kwa nini hukusema?" Bi Jinsi alimwuliza.

"Ningesema, halafu ningelala wapi, na nyumba hii ni ya kina baba yenu mkubwa?" Akafunga maji. Akamgeukia mwanawe, na usoni hakukuwa na dhihaka hata chembe. "Na jinsi ya kukisema, walikufundisha?"

Bi Jinsi akachukua glasi iliyofuata. Ilikuwa ya mdogo wake, na soda ilikuwa imejaa vilevile hadi ukingoni.