Pompe Isiyokuwa na Maji

Dada yangu mukubwa, Inamahoro, ambaye namuita yaya, alizalisha wanawake wa Rurambo, kule mulimani, mpaka nywele zake zikawa nyeupe. Nilikuwa namuchokoza: "Yaya, weye muntu wa bonde, umezoea joto la Ruzizi, unatafuta nini kule kwenye baridi na ng'ombe?" Alikuwa ananijibu tu, "Watoto wanazaliwa kule pia," kisha ananiomba chumvi ya kupanda nayo mulima. Kichwa ngumu, tangu tukiwa wadogo.

Maternite yake, nyumba ya kuzalishia, ilikuwa chumba cha udongo. Kule juu mvua ikinyesha unaona pumzi yako mwenyewe, na mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati anakufa na baridi hata kama hana ugonjwa wowote. Ndiyo maana kwenye kona kulikuwa jiko la mawe, na bomba la bati la kupitisha moshi juu ya paa. Lile jiko lilikuwa mulafi, Mungu wangu! Linameza kuni muchana kutwa, nusu ya joto inatoroka na moshi, na yaya alikohoa miaka yote. Lakini ukilipa kuni, linakupa moto.

Mwaka uliofuata corona, proje moja ya musaada ikajenga chumba kipya cha matofali palepale, kuzunguka lile jiko, dirisha za vioo, mulango unaofunga mpaka upepo haupiti. Teknisyen wao alikuwa Rénovat, tunayemujua hapa Rugenge, Uvira, kwa kutengeneza frigo za kugandishia samaki. Alipandisha mashine ya kuleta joto kwa migongo ya wanaume, akaweka sola juu ya paa, akaita watu, akaieleza. Jina lake kwa Kifaransa ni kama pompe ya joto.

"Ni frigo iliyogeuzwa," alisema. "Frigo inatoa joto ndani, inalitupa inje. Hii inalikamata inje, inaliingiza ndani. Haiunguzi kitu. Umeme wa kupasha pasi moja, hii inakuletea joto la pasi tatu."

"Joto gani liko inje hapa Rurambo?" yaya akauliza, na watu wote wakacheka.

"Liko, mama. Hata kwenye baridi liko kidogo. Iko inalichota."

Na kweli ilichota. Mimi mwenyewe nilipanda kuangalia, nikaanza kutoka jasho ndani ya chumba, moshi hakuna, masizi hakuna. Sisemi uongo, jiko la zamani halikufika hata nusu yake. Hata kikohozi cha yaya kilipungua. Basi wakabomoa lile jiko, wakatoa bomba, wakaziba tundu la paa ili joto lisipate pa kutokea.

Ubaya ulikuwa jina. Sisi huku pompe ni maji. Pompe ni pale unapopeleka bidoni zako za kuchotea, unapanga mustari, mnatukanana. Kesho yake tu, baada ya Rénovat kueleza, wanawake walishapanga bidoni za njano nyuma ya maternite! Yaya akaeleza mpaka koo likakauka. Bahati mbaya ile sehemu ya inje inadondosha matone, na mama mumoja akaweka beseni chini yake. "Na hii si maji? Munatuficha!" Aka, tulicheka siku ile.

Kisha vita ikashuka bondeni. Binti yangu Alliance alikuwa na mimba, akakimbilia juu kwa mama yake mukubwa. Huko akazaa kasichana, mimba ikiwa ya miezi saba tu, mujukuu wangu wa kwanza. Yaya alinipigia simu: "Mutoto anapumua vizuri. Mashine inamusaidia na joto." Nililia kwa furaha, na kila asubuhi nilikuwa napiga kuuliza kama kamenyonya.

Lakini vita haikubaki bondeni. Watu wenye bunduki, na musiniulize wa upande gani, wote wanakula mbuzi zetu, walipiga kambi juu ya kijiji mahali hakuna chemchemi. Wakasikia maternite iko na pompe. Wakateremka na bidoni zao.

Yaya alisimama mulangoni. "Ni pompe ya joto, baba zangu. Haina maji."

"Pompe bila maji?" mukubwa wao akasema. "Mama, unatuona wajinga?"

Wakafuata bomba za shaba za ile mashine, wakazikata kwa panga, moja na nyingine, wakitafuta maji. Ikatoka gazi tu, fiii, kisha kimya. Bila ile gazi mashine ni bati tupu. Rénovat alikuwa huku Uvira, barabara ya kupanda imefungwa. Nilikwenda kwake nikipiga kelele, maskini, akashika kichwa. Hata yeye gazi hakuwa nayo.

Yaya na Alliance wakaingiza mbabula, jiko dogo la makaa. Wakifunga mulango, Alliance anatapika, kichwa kinamupasuka, maana hewa mbaya haina pa kutokea. Wakiufungua, joto lote linakwenda. Chumba kizuri vile, na hakuna hata pa kuwasha kuni! Hasira ile mpaka leo haijaniisha.

Alliance alikuwa anatetemeka na homa, hakuwa na joto la kumupa mutoto. Basi yaya akamufunga kifuani kwake mwenyewe, ngozi kwa ngozi, kitenge juu, wakashuka kwa miguu kwenye mvua. Bondeni ni joto. Wakifika tu, mutoto amepona. Ndivyo alivyoniambia kwa simu mbele ya kushuka.

Niliwangojea chini ya mulima. Jua lilikuwa kali, mavumbi yanachoma miguu. Nikawaona wanakuja, yaya mbele, nguo zimelowa, nikakimbia.

"Yaya, leta nimuone mujukuu wangu!"

Akarudi nyuma, mikono juu ya kifua. "Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza apate joto."

Jasho lilikuwa linanitiririka usoni. Nikamutazama Alliance, naye akaangalia chini. Nikaketi karibu na yaya kwenye jua, tukangoja. Jioni tulifungua kitenge kwa nguvu, mimi na Alliance, tukamutoa mutoto ili tumuzike.