Tui Zito Linakuja Mwisho

Mie ni mwalimu wa chekechea huku Mtoni, na swali lililonichosha ni hili: "Mwalimu, mbona wanacheza tu?" Wazazi wananiuliza getini asubuhi, wamemshika mkono mtoto wa miaka minne. Wanataka madaftari yajae alama za vema, basi.

Mwaka jana darasani nilikuwa na binti hasemi. Mama yake, muuza vitumbua, alinieleza kwamba nyumbani anaongea na paka tu. Mwenye shule alishasema asipojibu kwenye usaili, darasa la kwanza haendi. Nikajaribu nyimbo, picha, hata pipi. Wapi.

Nyuma ya madarasa palikuwa na mchanga uliobaki kwenye ujenzi. Wenzake walikuwa wanajipikilisha pale kwa vifuu vya nazi, yeye kachuchumaa pembeni. Mmoja akamimina maji yote sufuriani kwa pupa. Nikasikia sauti nisiyoijua: "Sio hivyo. Tui zito linakuja mwisho."

Nilitamani kupiga vigelegele, nikajizuia nisimtishe. Kuanzia siku hiyo akawa mama lishe wao. Anapanga nani akae wapi, anagawa sahani za majani, anaamua ugomvi. Kuhesabu kulikomshinda ubaoni alikufanya kwa vifuu, bila kukosea.

Yakakaribia mahafali. Mwenye shule akasema mchanga unachafua sare, tutaaibika kwa wageni. Nikabisha mpaka sauti ikanikauka. Akanijibu, "Mwalimu, watu hawalipi ada watoto wao wakapike matope." Pakamwagwa zege, pakachorwa herufi kubwa za rangi. Watoto wakakalishwa mstari kukariri shairi la kusoma mbele ya wageni, na binti yangu akanyamaza tena.

Siku ya usaili aliulizwa jina lake, akatazama viatu. Nikaomba nimletee kifuu kimoja tu ashike. Mwenye shule akacheka, "Hapa si jikoni." Akarudishwa chekechea mwaka mzima. Hasira niliyokuwa nayo siku ile mpaka leo haijaisha.

Jumamosi nikaenda kwao kumpa pole mama yake. Nilimkuta binti uani, peke yake, na nikafurahi nilipomsikia anaongea. Nikasogea. Vifuu alikuwa kavifunika chini, kavipanga mstari, na mkononi ana kijiti.

"Nyamazeni," alikuwa anaviambia. "Hapa hatuchezi."